Tanuri Halipaliwi

Mimi sikusoma. Nalisema mapema ili msomaji asitafute kwangu maneno ya vitabuni. Chuoni nilifika juzuu ya Amma, skuli nimeijua kwa ukuta wake wa nje, na herufi nimejifunza ukubwani kwa kutazama magunia ya mchele. Lakini Unguja, kwa mambo ya masufuria, n'likuwa mtu. Nilianza kwa kubeba kuni katika shughuli za watu, nikapandishwa kuosha mchele, kisha kukoroga, mpaka nikafika pahala ambapo harusi haitangazwi kabla sijaulizwa kama siku hiyo nna nafasi. Nikisimama mbele ya masufuria ya biriani na mwiko mrefu kama kasia, na watu wazima na elimu zao wananitazama mdomo, wanangojea neno moja tu: "Palieni." Nikishalisema, makaa yanapandishwa juu ya mifuniko, na wali unaiva kwa moto wa chini na wa juu. Asiyejua kupalia, kwetu, si mpishi. Huyo ni mchemshaji.

Basi mtu huyo ndiye aliyeteremka Maskati mwaka wa sitini na nne, na mke, na miaka hamsini na kitu mgongoni, akakuta hakuna anayemjua.

Tulipata nyumba Sidab. Kila alfajiri n'kivuka mlima kwenda Maskati kuuza chai na maandazi karibu na lango, na alasiri nisharudi. Watu wa Unguja tulikuwa wachache pale, na wengi wetu watu wazima, maana vijana walipita tu, wiki mbili tatu, halafu hao Kuwaiti, hao Bahreni, kokote kwenye kazi. Vijana wa wenyeji nao walikuwa hivyo hivyo. Mtaa ulibaki wa wanawake, watoto na ndevu nyeupe.

Sisi wa ndevu nyeupe tukawa tunakutana baada ya alasiri kwenye daka la karani mmoja mstaafu, aliyekuwa akifanya kazi forodhani Unguja. Mwanzo ilikuwa manung'uniko matupu. Huyu analilia embe, yule analilia mvua. Hata siku moja karani akachoka.

"Jamani, kulia tumeshajua," akasema. "Sasa tujifunze kitu kingine."

"Tujifunze nini na mvi hizi?" nikamwuliza.

"Tujifunze kuishi hapa."

Ndivyo kilivyoanza chama chetu. Jina hatukukipa, wanawake wa mtaani ndio waliokipa, wakakiita Chuo cha Vikongwe, na wakipita na mitungi yao wakituuliza leo tumefika sura gani. Tukajifunza Kiarabu cha wenyeji, kwa sababu chetu kilikuwa cha msahafuni: ukiomba chumvi dukani kwa Kiarabu kile, muuzaji anadhani unamsomea khutba. Tukajifunza kuezeka kwa makuti ya mtende, ambayo ni makali na hayana huruma kama ya mnazi. Na kila tulichokijua tukakitumikia bure. Paa la mjane likipeperuka, tunapanda sisi. Bibi hana wa kumtekea maji, tunamtekea. Jeneza likipita, mabega yetu yako chini yake. Malipo hatukutaka, na mimi n'likuwa wa kwanza kusema hivyo, maana mtu akishakulipa anaona haki ya kukukemea.

Mke wangu akinicheka. "Kwako mlango haufungi, mapaa ya watu umeyamaliza."

"Yale ni ya wajane," nikamwambia. "Wewe si mjane."

"Ngoja kidogo. Ukiendelea kupanda na magoti hayo, ntakuwa."

Aliyetufundisha Kiarabu alikuwa jirani yetu, mzee mwenyeji, mrefu, mkavu, ulimi wake wembe. Hakuwa na upole wowote. Akituita "shayba", yaani mzee, kana kwamba yeye kijana, naye alikuwa akinizidi miaka kumi. Yote aliyoyasema aliyasema kwa Kiarabu. Mimi nayaleta kwa lugha yangu, na nimeyapunguza ukali.

Mzee huyu alikuwa na tanuri. Si tanuri la mkate. Lilikuwa shimo chini ya mlima, nyuma ya nyumba yake, refu kwenda chini kuliko mtu, limejengwa mawe pande zote. Baba yake ndiye aliyelichimba. Sikukuu ikifika, mtaa mzima ulizika nyama zake mle, wanaziita shuwa. Nyama inasingwa kwa bizari, vitunguu thomu na siki ya tende, inafungwa kwa majani ya mgomba, inatiwa ndani ya vifuko vilivyosukwa kwa majani ya mtende. Sisi tulipoviona tukaviita vifumbu, kwa kuwa vimefanana kabisa na vile vya kukamulia tui, ila hivi mtoto mdogo anaenea ndani. Kila nyumba na kifumbu chake, na alama yake ya waya. Vinatupwa shimoni juu ya makaa, shimo linafunikwa, na hakuna anayegusa mpaka kesho yake.

Sikukuu yetu ya kwanza mzee alituletea sinia. Nikatia kipande mdomoni, nikanyamaza. Na mimi si mtu wa kunyamaza mbele ya chakula cha mwenzangu. Daima nna la kusema, chumvi, moto, mafuta. Siku ile sikuwa nalo. Nyama iliachana na mfupa yenyewe kama watu waliotalikiana kwa wema.

Nikamwendea. "Nifundishe."

"Wewe si mpishi wa Zinjibar? Nenda kakune nazi."

"Nazi ziko wapi huku?"

Akanitazama. "Haya, kaa."

Nikakaa. Nikakaa na wenzangu wa dakani, mwaka uliofuata, siku zote za kukaribia sikukuu ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja. Akatufundisha kuchagua kuni za msamri, mti wa miiba wa huko, zinazoacha makaa magumu. Akatufundisha kuyasubiri mawe mpaka yageuke rangi. Akatufundisha kukanda udongo na maji uwe kama unga wa chapati, tuukandike kwenye ukingo wa mfuniko. Mwishoni nikauliza swali ambalo kila mpishi wa Unguja angeliuliza.

"Na juu? Tunapalia wakati gani?"

Ikabidi nimweleze kupalia ni nini. Alicheka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akatoka na maji.

"Shayba," akasema alipopata pumzi, "tanuri ni kaburi. Ukishafukia, umefukia. Hewa ikipita, makaa yanaamka na nyama inakuwa majivu. Ukiona moshi wowote, jua nyama inakufa. Hutii moto juu. Hufungui kuchungulia. Unakaa."

Kukaa bila kufanya kitu, kwa mpishi, ni adhabu. Lakini nilijifunza, na nilijifunza vizuri, nalisema bila ya haya.

Mmoja tu katika chama hakuhudhuria masomo yale, naye ni fundi cherehani, rafiki yangu na mtani wangu. Karibu na sikukuu cherehani yake haikulala. Kanzu za mtaa mzima zilikuwa mikononi mwake. Tulikuwa tukimpitia pale mlangoni, tunamwona kichwa tu nyuma ya kitambaa cheupe. "Mtanisimulia," akisema. Hakuna aliyemsimulia. Sote tulidhani mwingine kamwambia.

Mwaka wa sitini na saba, kama sikukosea, magoti ya mzee yakagoma. Hakuweza tena kuinama juu ya shimo. Wanawe wote watatu walikuwa Kuwaiti. Upande wa pwani kulikuwa na tanuri jingine, na wenyewe wakaanza kuwaambia watu wa mtaa wetu, leteni nyama zenu kwetu, huko kwenu hakuna mtu. Watu wakaanza kuitikia.

Mzee akaja dakani na fimbo yake. Hakukaa.

"Wakienda pwani sikukuu moja, hawarudi," akasema. "Na tanuri lisilowashwa linakuwa jaa la taka. Baba yangu alilichimba kwa mikono yake. Magoti yangu yamekufa, ulimi uko hai. Nipeni mikono."

"Unayo," akasema karani, na sote tukaitikia.

Mtaa haukupenda. Mjane mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta na mzee, ambaye alikuwa na mbuzi mmoja tu aliyemlea mwaka mzima kwa ajili ya siku ile, alisimama mlangoni kwake akasema kwa sauti ya kusikika: "Mbuzi wangu nimkabidhi Mzinjibari? Watu wa nazi hawa. Wataniletea mchuzi."

"Nyama yako ikiharibika," mzee akamjibu, "nifukieni mimi humo shimoni."

"Wewe huna nyama ya kutosha."

"Basi lete mbuzi wako."

Akamleta. Wengine wakaona kama yule mwenye mbuzi mmoja kathubutu, nao watathubutu, lakini wakasema wazi: mara hii moja. Ikiharibika, mwakani ni pwani.

Siku ya kwanza ya sikukuu tulichinja. Siku ya pili, baada ya alasiri, tukatia. Mzee alikaa juu ya mkeka kwenye ukingo, fimbo mkononi, akaamrisha kama nahodha. Vifumbu vya majirani vikatangulia chini kwenye mawe, cha mjane kwanza kabisa. Vyetu sisi wenye kazi, pamoja na chake yeye, vikaja mwisho juu. Mfuniko wa chuma ukashuka, magunia yaliyorowa maji juu yake, udongo juu ya magunia. Tukauzunguka na viganja vyetu mpaka usipite hata uzi wa moshi. Mzee akanusa, akasema, "Sawa." Kutoka kwa mtu yule neno hilo lilikuwa kama kupewa nishani.

Tukagawana zamu. Asubuhi ya siku ya tatu ilikuwa zamu ya fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa huru na amelala vizuri. Nilimwachia nikaenda nyumbani kuoga na kuvaa kanzu yangu ya sikukuu, aliyoishona yeye. Nikanywa chai. Niliporudi, mke wangu ananisindikiza mpaka kona kwa kuwa anakwenda kwa jirani, yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Ule moshi ni wenu?"

Nilikimbia. Magoti ambayo mke wangu aliyasema yalinichukua bila ya kuniuliza.

Fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya tanuri, kipepeo cha moto mkononi, uso unang'ara. Alikuwa ameukwangua udongo wote wa katikati, ameyavuta magunia kando, na juu ya chuma kitupu amepanga makaa mekundu kutoka kwenye seredani ya nyumbani kwake. Amepalia. Na amepalia vizuri, makaa yamelala sawasawa, ungedhani ni sufuria la harusi. Pembeni, pale udongo ulipopasuka, moshi ulikuwa unatoka kama wa meli.

"Nimekuokoa," akasema. "Moto wako ulikuwa ushakufa. Nimegusa udongo, baridi. Hata moshi hakuna. Nikasema, masikini, uzee umemwingia, mpishi wa Unguja nzima kasahau kupalia. Sasa tazama linavyopumua."

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Toa makaa, wewe mtu. Toa sasa hivi."

Nadhani ni uso wangu uliomfahamisha. Akayapiga makaa teke kwa viatu vyake vya sikukuu. Mimi nikatia mikono kwenye udongo, nikawa naubandika, lakini ulikuwa umekauka, unavunjika. Ukiziba huku, moshi unatokea kule. Maji yalikuwa kidogo kwenye mtungi. Nikavua kanzu, nikaichovya yote, nikaitandika juu ya ule ufa mkubwa.

"Kanzu yangu hiyo," akasema fundi, hakujua asemalo. "Nimeishona usiku na mchana."

"Ndiyo. Nimekurejeshea."

Karani alifika, wengine wakafika, wakateka maji na kukanda udongo, wazee wazima wamepiga magoti kama watoto wanaocheza. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Hapo tukasikia fimbo ya mzee.

Alinusa. Alimtazama fundi, akanitazama mimi nimesimama na shuka na fulana. Akakaa juu ya mkeka wake taratibu.

"Lilikaa wazi kwa muda gani?"

Nikamjibu mimi: "Muda wa mtu kuoga na kunywa chai."

"Wewe unakunywa chai haraka au polepole?"

"Polepole."

Akafumba macho. "Basi tusiseme kitu. Tukiwaambia watataka tufungue sasa, na tukifungua sasa hakitobaki hata kimoja. Tunakaa."

Tukakaa. Sijapata kukaa kukaa kule. Watu walipita kutoka kwenye mikono ya Idi, wakasimama, wakanusa. Mjane naye akapita.

"Harufu gani leo?"

"Ya kitambaa," nikasema, na sikusema uongo.

Fundi cherehani aliondoka bila ya kuaga. Nilimwona akipinda kona, mabega yameshuka, na wallahi hasira ilinitoka. Mtu yule miaka yote ya Unguja alikuwa akija kwenye shughuli zangu, anasimama karibu na masufuria, ananisikia nikisema palieni. Angelijifunza wapi jingine?

Alasiri mtaa wote ukaja na masinia. Tukaondoa udongo, tukaiondoa kanzu, au tuseme shingo yake, maana ndiyo iliyobaki, tukainua mfuniko. Mvuke ukapanda. Karani akatia ndoano, akavuta cha kwanza. Kilikuwa changu, nikakijua kwa waya wake. Kikamomonyoka hewani kama mkate mkavu, kikaanguka vipande vyeusi. Cha pili cha karani: makaa. Cha fundi: makaa. Cha mzee: kilitoka mfupa mmoja mweupe safi, na majivu.

Mjane akasogea mbele. "Mimi nilisema."

"Vuta," mzee akaamrisha.

Kilichofuata kilikuwa kimeungua nje. Karani akakikata kwa kisu. Ndani majani yalikuwa bado na ukijani wao, na ndani ya majani nyama imelala, nyekundu ya bizari, mafuta yanameremeta. Kilichofuata kizima. Na kilichofuata. Watu wakaanza kusogea, masinia yanagongana. Cha mwisho kabisa, cha chini, kilikuwa cha mjane, naye alikipokea kama mtu anayepokea kesi. Akakifungua palepale. Akashika mfupa wa paja, mfupa ukatoka peke yake mkononi mwake, nyama ikabaki siniani. Akaonja. Akatafuna muda mrefu, macho juu, anatafuta kosa.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Chumvi umetia mwenyewe nyumbani kwako," mzee akamwambia.

Hapo ndipo watu walipocheka. Walipouliza vile vyeusi vilikuwa vya nani, tukasema vyetu. Wakauliza sababu. Mzee akawaambia kuna Mzinjibari mmoja alitaka kuivisha nyama pande zote mbili. Jioni ile masinia yalianza kuingia nyumbani kwangu kutoka kila mlango, na kwa karani vilevile, hata mke wangu akasema mwakani tuiunguze tena, kwa sababu hatujapata kula nyama namna ile. Sinia la mjane lilikuwa kubwa kuliko yote, na juu yake ameweka kipande cha chumvi ya mawe.

Lakini kabla ya hapo, pale tanurini, watu walipokwisha kuchukua chao, mjane alibaki nyuma. Alimwuliza mzee, si mimi, maana hakuwa tayari kunipa uso: "Mwakani nilete siku ya pili, kama mara hii?"

"Siku ya pili," mzee akasema.

Wengine walimsikia. Habari ya pwani haikutajwa tena.

Nilipotaka kuondoka mzee akanigusa mguu na fimbo. "Kesho asubuhi njoo utoe majivu."

Nilijua maana yake, kwa sababu mkewe aliyekuwa mlangoni aliacha alilokuwa akilifanya. Kuwasha tanuri, mtu yeyote anaweza kuitwa asaidie. Majivu hutolewa na mwenyewe. Mle shimoni haukuwahi kuingia mguu usiokuwa wa nyumba ile.

"Kesho nna maandazi ya kuuza," nikasema, ili asinione nimefurahi mno.

"Maandazi yatangoja."

Asubuhi nikaenda mapema, na pauro. Nikakuta nimetanguliwa. Fundi cherehani alikuwa ndani ya shimo, mweusi kuanzia kofia mpaka kucha, anapandisha karai la majivu juu ya kichwa na nusu yake inamrudia usoni. Mzee yuko juu kwenye mkeka, anamtukana kwa Kiarabu ambacho darasani hakutufundisha.

"Nani kamwita?" nikauliza.

"Kaja mwenyewe alfajiri. Hajui hata kushika pauro," mzee akasema. "Shuka umfundishe."